Ukuta Unaokunywa Maji

Wahenga walituachia kauli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini kwa nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja haitoshi. Hapana budi tuulize pia: ufa huo utauziba kwa kitu gani?

Nyumba hizo aghalabu zilijengwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao ya utawala wake Unguja. Fedha zilitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Jasho lilikuwa la watumwa na vibarua. Tuzitazamapo leo tusiwasahau watu hao, kwani kila jiwe liliinuliwa na mkono wa mtu.

Jiwe lenyewe ni la matumbawe, lenye vitundu vingi. Waashi walilipanga kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, wakajenga kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi. Chokaa nayo ilitokana na mawe hayo hayo: yalichomwa juu ya rundo la magogo mpaka yakalegea, kisha yakamwagiwa maji, na uji wake ukaachwa siku nyingi kabla ya kutumiwa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi: upana wa chumba uliamriwa na urefu wa boriti.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na familia za kawaida zikapata makazi humo. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Alipanga chumba cha chini, mtaa wa Malindi. Ukuta ulipoanza kumomonyoka, msimamizi wa nyumba alileta mafundi, wakaupiga lipu ya saruji. Ukang'aa, nasi sote tukafurahi. Baada ya masika mawili lipu ilivimba, ikabanduka pamoja na vipande vya jiwe. Ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani, zilikuwa zimeoza hata kidole kiliweza kuzitoboa.

Mwashi mzee aliyeitwa kuutazama alimwambia shangazi: "Mwanangu, ukuta huu hunywa maji, kisha huyatoa kama jasho. Nyinyi mmeuvika koti la mvua."

Maneno yake yana maana. Saruji ni ngumu, wala haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji ya mvua, na yale yapandayo kutoka ardhini, hukosa njia ya kutokea. Chumvi iliyomo hulila jiwe, na boriti huoza gizani. Chokaa ni laini na huuachia unyevu. Ikichakaa, yenyewe ndiyo inayoliwa, nalo jiwe husalia. Fundi huja akaibandika upya.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Chini ya dari kongwe za mji huo huo wanalala watoto wa wafanyakazi kila usiku.

Basi, wewe uishiye katika nyumba ya mawe, iwe Unguja, Bagamoyo, Mombasa au Lamu: safisha mifereji ya paa kabla ya masika, ng'oa mche uotao ukutani ungali mchanga, na ufa ukitokea mwite mwashi ajuaye chokaa. Kama nyumbani una kijana anayetafuta kazi, mpeleke kwa mwashi huyo akamsaidie. Kazi hii hujifunzwa kwa mkono, na wazee wanaoijua vyema hawatakuwapo daima.