Kwa Mpwa Wangu wa Mzinga, Kuhusu Zohali

Kinole, 24 Septemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako amenipigia simu akaniambia kwamba ile darubini uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza imerudi kwenye boksi tangu Jumamosi usiku, na sasa unaitafutia mteja. Akanieleza na habari ya majirani: walikuja kuona pete za sayari ya Zohali, wakasubiri mpaka watoto wakasinzia, wakaondoka wakisema umetapeliwa. Mimi ni mjomba wako, na kwetu Waluguru unajua uzito wa neno la mjomba. Nakuomba usiiuze kabla ya kuimaliza barua hii.

Hukutapeliwa. Mama yako anasema uliona kidoa cha manjano chenye kitu kama sindano kilichotokeza pande zote mbili, kinatetemeka, kisha kinatoroka. Basi hicho ndicho kilichokuwepo angani. Pete za Zohali ni pana mno, lakini unene wake ni mdogo sana, na kila baada ya miaka 15 hivi Dunia yetu hupita usawa wake, tukazitazama kwa ubavu kama karatasi iliyoinuliwa sawa na jicho. Ilitokea Machi mwaka huu, na hata sasa zimeinama chini ya nyuzi 2. Picha ya kwenye boksi ni ya miaka ambayo pete ziko wazi. Miaka hiyo inakuja: mwakani zitaanza kufunguka, na ifikapo 2032 zitakuwa wazi kabisa, nawe utakuwa bado kijana.

Galileo alipoielekeza darubini yake kwa Zohali mwaka 1610, lenzi yake ilikuwa ndogo kuliko kioo chako, na ilikuza mara 20 hivi. Akadhani anaona nyota tatu zilizoshikana. Mwaka 1612 akatazama tena, zile mbili za pembeni hazipo! Alichanganyikiwa sana mzee yule, kwani naye alikuwa amefika kwenye msimu wa pete kukaa ubavu, ila yeye hakuwa na mjomba wa kumwambia. Ilibidi ifike 1659 ndipo mwanaastronomia Huygens achapishe maelezo kwamba ile ni pete. Nataka ulitafakari hilo: watu wenye akili nyingi walikitazama kitu hicho hicho karibu miaka 50 kabla hakijaeleweka, nawe umejihukumu kwa usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Mama yako amenisomea maandishi ya boksi: kioo cha milimita 76, urefu wa fokasi milimita 700, na kwamba inakuza mara 525. Hiyo 525 isahau. Kioo cha ukubwa huo hakivuki mara 150 kikabaki na picha ya maana. Gawa 700 kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho: ile ya 20 inakupa mara 35, ile ya 4 inakupa 175, ambayo tayari imezidi. Nadhani ulianza na ya 4. Ndiyo maana Zohali ilitoroka, kwa sababu Dunia inazunguka, na kwa ukuzaji huo nyota huvuka kioo chini ya dakika moja. Anza na ya 20 kila mara.

Halafu uliitazama Zohali mapema mno, ikiwa ndiyo kwanza inatoka nyuma ya milima ya Uluguru. Septemba hii mashamba na nyasi vinachomwa, moshi umelala bondeni, na mawe ya mlima bado yanatoa joto la mchana. Hewa kama hiyo huchemsha picha. Subiri saa nne za usiku, ikishapanda juu. Na kijitabu kikikuambia utafute Nyota ya Kaskazini, ruka ukurasa huo. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na nyota hiyo haichomozi kwetu kamwe.

Ile darubini ndogo ya kulengea irekebishe mchana. Lenga minara iliyo juu ya kilele cha Bondwa asubuhi, kabla wingu halijaifunika, mpaka zote mbili zione mnara mmoja. Hapa nisikilize vizuri: Mzinga ni eneo la jeshi. Mweleze mwenyekiti wa mtaa unachofanya, na usiuelekeze mtambo huo upande wa kambi wala kiwandani, mchana au usiku. Jua nalo usilijaribu. Kama ndani ya boksi mna kile kilenzi cheusi cha kutazamia jua, kivunje ukitupe, maana kinaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa hapo hapo. Watu waliokwenda Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua likipatwa na kubaki kama pete walivaa miwani maalumu, nawe jicho lako halina spea.

Najua ulichokipenda ni ule usiku wa tarehe 7, mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu kwa dakika 82. Basi rudi kwa mwezi. Jumatatu ijayo, tarehe 29, utakuwa karibu nusu, uko juu sana magharibi ikiingia. Tazama pale mwanga unapokutana na giza. Vivuli vya milima na mashimo huwa virefu pale. Waite majirani siku hiyo. Kisha siku ukipata nguvu ya kuamka saa kumi na nusu alfajiri, sayari ya Mshtarii itakuwa juu ya mlima kaskazini-mashariki, na miezi yake minne mikubwa utaihesabu hata kwa lenzi ya 20.

Jambo ninalolitaka zaidi ni daftari. Kila ukitazama, chora ulichokiona kwa penseli, si ulichotarajia, uandike tarehe na saa. Anza na ile sindano ya Jumamosi kabla hujaisahau. Michoro yako ya Zohali ya mwaka huu, ukiiendeleza hadi 2032, itakuonyesha pete zikifunguka kwa mkono wako mwenyewe, na hapo Morogoro sijui ni wangapi watakuwa nayo.

Desemba ukija kutusalimia, darubini iache kwa mama yako, kwani huku Kinole wakati huo ni mvua na mawingu. Njoo na daftari.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.