Kilima cheusi na shimo la lupangu

Ndugu msomaji, ukifika Lubumbashi, hata kabla ya kuuliza njia, macho yako yataona vitu viwili: bomba refu la moshi, lenye metri 153, na kando yake kilima cheusi. Kile kilima hakikuota chenyewe, ni watu walikimwaga pale. Wenyeji wanakiita terrili.

Safari yetu ya mwezi huu tuliifanya kwa miguu, pamoja na watoto wa mwaka wa tano wa masomo na mwalimu wao. Baba na mama, someni pamoja na watoto wenu.

Mwalimu aliwasimamisha watoto mbali, sababu mabaki ya kiwanda si fasi ya kuchezea: metali za ndani zinaweza kuharibu mwili. Kisha akawaeleza. Toka mwaka wa 1911 Union Minière, na nyuma yake Gécamines, waliyeyusha shaba hapa. Shaba ilipanda gari la moshi na kwenda zake, mabaki yakamwagwa kando. Miaka ikapita, kilima kikapanda. Wengi waliyaona kuwa takataka tu. Kumbe ndani yake mlibaki kobalti, shaba na zinki. Karibu na mwaka wa 2000 tanuru kubwa la umeme lilijengwa pale pale, na takataka zile zikaanza kuyeyushwa mara ya pili. Kitu walichotupa mababu, wajukuu walikirudilia.

Kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kama ile ilikuwa mali, juu ya nini takataka ya kwetu haiko mali?"

Mwalimu akacheka. "Juu munachanganyaka byote mu shimo moja!"

Jibu hilo tulilibeba mpaka nyumbani kwa binti mmoja wa darasa lile. Nyuma ya jiko kulikuwa shimo lililojaa, hatua chache tu toka kisima. Mvua ikinyesha, uchafu wa shimo unashuka polepole katika udongo, unafuata maji ya kunywa. Mama ya binti akatuambia: "Hii shimo ni ya tatu. Fasi ingine ya kuchimba haiko." Lupangu imeisha, lakini takataka haziishi.

Basi watoto wakatwaa jembe na fimbo, wakatandika takataka za siku ile chini, wakazitenga. Unafikiri fungu gani lilikuwa kubwa kupita yote? Maganda ya ndizi na ya viazi, vijiti vya sombe, mabaki ya bugali, majani. Vitu vinavyooza! Katika shimo refu vinakosa hewa, vinanuka na kutoa gesi ya metani. Lakini vikipata hewa, vinageuka mbolea.

Fanya hivi. Chagua fasi ya kivuli, mbali na kisima. Weka maganda, kisha majani makavu, kisha udongo kidogo. Nyunyiza maji, yasiwe mengi. Kila juma geuza kwa jembe. Kisha miezi kama 3 utaona udongo mweusi usionuka vibaya. Upeleke kwenye lengalenga na nyanya.

Chupa nzima, osha: sokoni watu wanazitafuta kwa kuuzia mafuta. Mabati na mikebe, mpe fundi wa mbabula. Mawe ya radio yaliyokufa, yaweke peke yake, usiyatupe motoni wala katika mbolea. Na masashi? Usiyachome, moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya watoto. Serikali iliyakataza kwa amri ya mwezi wa 12, 2017, lakini dawa ya kwanza ni kwenda soko na kitunga chako.

Jioni ile, kilichobaki cha kutupa kilitosha ndoo moja ndogo. Mama aliitazama ndoo, akatazama shimo, akanyamaza. Kisha akamwambia binti: "Kesho utaniletea ndoo ya pili."

Ndugu msomaji, terrili ilihitaji tanuru kubwa na franga nyingi. Wewe unahitaji ndoo mbili: moja ya vitu vinavyooza, moja ya vingine. Anza leo, mbele ya mvua.

Ya kuzungumza nyumbani: Shimo letu liko mbali namna gani na kisima? Nani atageuza mbolea juma hili?