Uinjinia unaamuliwa ukiwa bado mtoto, na hakuna anayekuambia

Kila mara matokeo ya KCSE yakitoka, naandikiwa swali moja na watu tofauti. "Bro, nimepata B+, naeza fanya injinia?" Mimi huuliza tu: fizikia ulipata ngapi? Kimya dakika mbili. Halafu, "Sikufanya fizikia."

Hapo ndio story huisha, na inaniuma kila wakati, juu wengi wao ni wa huku kwetu Kisii na Nyamira, watoto wanaoweza kabisa.

Sasa mambo ni hivi. Ukitaka kusomea digrii ya uhandisi, ama fizikia ya uhandisi, ama kitu chochote cha ukoo huo, kwanza lazima uwe na C+ ya jumla. Hiyo ndio kila mtu anajua. Lakini kozi nyingi za uhandisi zinataka pia C+ kwa hesabu, C+ kwa fizikia na C+ kwa kemia. Halafu KUCCPS wanachukua masomo manne ya kundi la hiyo kozi, kila A ni pointi 12, kwa hivyo ya juu kabisa ni 48. Wanachanganya hiyo na jinsi ulivyofanya masomo yako yote saba. Ndio maana msee mwenye A ya hesabu na alama za chini kwa masomo mengine anashangaa mbona pointi zimeshuka. Na C+ ni ya kukuruhusu kuomba tu. Kozi ikigombaniwa, walio na alama za juu ndio huingia.

Lakini hayo yote yameandikwa, unaweza kuyasoma kwa simu. Sharti lenyewe kubwa halijaandikwa popote. Ni ile siku ya kuchagua masomo. Kwa 8-4-4 fizikia si lazima, kwa hivyo mtu aliiacha akiwa na miaka kumi na sita hivi, akifikiria anaepuka tu mwalimu mkali. Shule niliyosoma mimi, tuliambiwa waziwazi: kama hupati hamsini, chukua bayolojia, usituharibie wastani. Zaidi ya nusu ya darasa wakatoka. Hakuna aliyewaambia kwamba siku hiyo walikuwa wanaaga uinjinia na vitu vingine kibao. Wasichana walioniandikia wanasema wao hawakuulizwa hata alama, waliambiwa tu ni somo gumu.

Kinachonishangaza ni kwamba hii ni sehemu ya Kenya ambayo fizikia iko juu ya paa. Kisii na Nyamira tunapigwa na radi sana, kila mtu hapa ana story ya ng'ombe ama mti wa jirani. Hewa yenye unyevu inatoka upande wa Ziwa Victoria, inapanda milima yetu, mawingu yanajichaji. Watu wanatafuta mchawi, na shule inayofundisha habari ya chaji za umeme haina hata waya wa kupeleka radi ardhini. Nani atautengeneza, kama sisi wote tuliacha somo kidato cha pili?

8-4-4 inaisha, KCSE ya mwisho ni 2027. Mtasema basi shida imeisha. Hapana manze, imesogezwa nyuma. Grade 10 wa kwanza wameingia Januari 2026, na njia zao walichagua wakiwa Grade 9. STEM, Sayansi ya Jamii, ama Sanaa na Michezo. Na kuwa STEM peke yake si kusoma fizikia! Ndani ya STEM kuna sayansi zenyewe, kuna sayansi tumizi, kuna masomo ya kiufundi, na unachagua masomo matatu. Mzazi anaringa kanisani ati mtoto yuko STEM, kumbe mchanganyiko aliopewa hauna fizikia.

Kitu kingine, jina la kozi lisikudanganye. Canada, vyuo kama UBC na Queen's vina digrii yenyewe ya fizikia ya uhandisi. Hapa Kenya, za karibu ni kama Control and Instrumentation ya JKUAT ama Microprocessor Technology and Instrumentation ya University of Nairobi, ambazo zimetoka upande wa fizikia. Ni kozi kali, mimi ningezichukua. Lakini kuitwa injinia Kenya kunaenda na sheria ya 2011, unasajiliwa na Engineers Board of Kenya, EBK. Kwa kawaida digrii ya uhandisi ni miaka mitano, ya sayansi ni minne. Kwa hivyo uliza kabla ya kulipa, si baada ya kuvaa joho: hii kozi inatambuliwa na EBK ama la?

Kwa wale mliomaliza bila fizikia, njia iko ila ni ndefu. Unaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, lakini fizikia ina karatasi ya tatu, ya maabara, kwa hivyo tafuta kituo chenye vifaa. Ama uanze na diploma, ambayo kwa jumla inataka C-. Kisii National Polytechnic iko hapo mjini, nenda uulize masomo wanayotaka kabla hujakata tamaa. Kutoka diploma watu hufika digrii, sema tu umri unaenda na wenzako wanakupita.

Na wewe wa Grade 10 ulioko Keroka, Nyansiongo, Ogembo, popote: toa ile karatasi ya masomo yako leo usome ni yapi matatu. Kama unataka uhandisi na fizikia haipo, mtafute mwalimu wiki hii, enda na mzazi. Wakikuambia haiwezekani, uliza ni kwa nini, halafu uniandikie walichosema.