Laiti Bwana Msa Angefika Msambweni

Mkinikuta nimejifunika shuka gubigubi saa tano za usiku, na kurunzi inamulika ndani, msidhani nina homa. Nasoma riwaya. Ugonjwa huu ulinipata nilipokuwa kidato cha kwanza, na hadi leo nipo kidato cha tatu sijaupatia dawa. Mwalimu mmoja alipata kuninyang'anya kitabu katikati ya kipindi cha hesabu, akakifungia kabatini hadi muhula ukaisha. Kunyang'anywa si hoja, kosa lilikuwa langu. Kilichoniuma ni kwamba nilibakisha kurasa kumi tu nimjue muuaji!

Basi mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliponiambia, "Wewe mlevi wa riwaya, tuandikie maoni yako," sikungoja kuambiwa mara ya pili.

Nianze na za mapenzi, maana najua ndizo mnazozisubiri. Mabwenini kwetu kuna vile vitabu vya Mills & Boon, vya kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908. Majalada yamechanika, kurasa zimelegea, na pembezoni mna majina ya wasichana waliokwisha maliza shule zamani. Nimesoma saba. Tena nikisema kweli, nimesoma kimoja mara saba. Mwanamume ni mrefu, tajiri na mwenye hasira. Msichana ni maskini lakini hapindiki. Watagombana weee, kisha wataoana, na hadithi hukomea hapo hapo. Sijamwona hata mmoja anayedaiwa karo, wala mwenye mawifi, wala anayeosha sufuria.

Sisemi vitabu hivyo ni vibaya. Vilinifundisha Kiingereza kingi, na mvua ikinyesha Jumapili huwa vitamu kama mabuyu. Lakini sisi tuliokulia karibu na Diani tumekwisha yaona mapenzi ya likizo. Mgeni hushuka uwanja wa ndege wa Ukunda, akaahidi mambo makubwa makubwa kwa wiki mbili, kisha ndege ikapaa na ahadi zikabaki mchangani. Msichana aliyezoea riwaya zinazokwisha siku ya harusi hajafundishwa kuuliza, "Na kesho yake je?"

Ndiyo maana naipenda *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999. Humu ndoa haiko mwisho wa kitabu, iko mwanzo, na ni balaa! Yasmin, msichana mbichi wa Kihindi wa Unguja, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa. Baadaye anampenda Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza na ambaye polisi hawampi nafasi ya kupumua. Mapenzi yao yana gharama. Yasmin anakataliwa na watu wake mwenyewe, na hata akiwa na Denge hana uhakika wa kesho. Hadithi hii imekwisha kutengenezwa filamu mwaka 2021, chini ya mwongozaji Amil Shivji, lakini nawasihi msome kitabu kwanza. Mie nilikisoma kwa siku tatu, na siku ya nne nilikuwa nimenuna bila ya kugombana na mtu.

Sasa tuje kwenye upelelezi, na hapa ndipo nyumbani kwangu. Nimesoma *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965. Nimemsoma pia Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba. Gamba anasisimua, sikatai. Lakini risasi ni nyingi mno, na kila zikifyatuka mie najua hazitampata. Hofu itoke wapi?

Bwana Msa ndiye wangu. Huyu ni mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Wasomi humlinganisha na Sherlock Holmes wa Uingereza, ambaye alianza kuonekana vitabuni mwaka 1887. Holmes ana Watson wake, na Bwana Msa ana Najum. Wote wawili huvuta kiko. Lakini Bwana Msa ni Mswahili wetu, si wa kuazima. Hana bastola. Silaha yake ni kutazama, kusikiliza na kuuliza.

*Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, kinaanza na maiti ya tajiri mmoja kukutwa penye mzimu unaoogopwa. Hebu fikiria jambo hilo litokee kwetu! Sisi watu wa Kwale tunazo kaya zetu. Kaya Kinondo kule Diani huingii mpaka ufungwe kaniki kiunoni, na hata kijiti hukiokoti. Mimi naziheshimu kaya, na mwaka 2008 kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kuheshimu ni kitu kimoja, na kuusingizia mzimu kazi ya binadamu ni kitu kingine. Bwana Msa haudharau mzimu. Anauliza tu nani alikuwa wapi, na nani anafaidika. Sitawaambia muuaji ni nani, nisije nikapigwa.

Nilikimaliza kitabu hicho likizo ya Agosti, nyumbani, upande wa Msambweni. Wiki hiyo hiyo mbuzi watatu wa jirani yetu wakafa kwa siku mbili. Kabla jua halijatua jina lilikwisha patikana. Eti ni bibi mmoja mjane anayeishi peke yake, kwa kuwa ana macho mekundu na huzungumza peke yake usiku. Wenzangu wa pwani mnajua maneno hayo huishia wapi. Huku Kwale na kule Kilifi wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Vijana walianza kukusanyika kwenye mwembe, na sauti zao hazikuwa za mchezo.

Nikamfuata mjomba wangu jikoni. "Mjomba, hao mbuzi walikula nini?" Akacheka. "Wewe nawe na vitabu vyako!" Lakini alinyanyuka akaenda kuuliza. Kumbe mwenye mbuzi alikuwa amevuna muhogo, na maganda yote yakarundikwa karibu na zizi. Mzee wa mtaa akamwita afisa wa mifugo. Alipofika na kutazama, akasema bila kuzunguka kwamba ule ni muhogo mchungu, una sumu, na mbuzi akiyala maganda yake mabichi kwa wingi hufa upesi. Ama macho mekundu ya bibi, mama yangu alilijibu hilo mbele ya watu wote. "Nani hapa amepikia kuni miaka hamsini macho yake yakabaki meupe?"

Vijana wakatawanyika. Katika riwaya, hadithi ingeishia hapo. Bwana Msa angewasha kiko chake, Najum angestaajabu, na sisi tungefunga kitabu tukalale. Kwetu haikuisha. Hakuna aliyekwenda kumwomba bibi yule radhi, hata mmoja. Siku ya tatu alifunga virago vyake, binti yake akaja kumchukua, na mlango wake una kufuli hadi leo. Nami sina haki ya kuwanyooshea wengine kidole. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifika kwenye nyumba ile natoka mbio, na mbio zangu nazo zilikuwa ushahidi wa kumchongea.

Hilo ndilo dai langu kwa waandishi wa upelelezi, hata wale niwapendao. Wanatuonyesha vizuri jinsi mwenye kosa anavyopatikana, lakini yule aliyeshukiwa bure wanamwacha njiani. Anarudije kukaa na majirani wale wale? Nani anamsalimu wa kwanza? Nikipata riwaya inayoanzia hapo nitaisoma hata mbele ya yule mwalimu wa hesabu.

Likizo ijayo mama na mimi tumepanga kumtembelea bibi huko kwa binti yake. Sijui nitaanza kumwambia nini. Pengine nitauliza tu hali yake, kisha nitulie nisikilize.

Nanyi wenzangu, mwenye *Kisima cha Giningi* anisaidie. Nitakirudisha, wallahi, na kurasa zote zikiwamo.