“Tutakwenda mwakani, mama”

Sebuleni kwake Magomeni, Dar es Salaam, baba mmoja ana kabati lililojaa santuri za taarabu na dansi. Watoto hawaruhusiwi kuzigusa.

Akiulizwa ni ipi inayomuuma kuikosa, hutaja moja ya Mbaraka Mwinshehe aliyoiacha kwa muuzaji wa Kariakoo, akidhani ataikuta kesho yake. Hapo hucheka.

Lipo jambo jingine ambalo halimchekeshi. Mama yake aliwahi kumwomba wavuke pamoja kwenda Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara, wakamsikilize Bi Kidude. Fedha za nauli na tiketi zilikuwepo, ila yeye akanunulia santuri ya taarabu.

“Tutakwenda mwakani, mama,” alimwambia.

Mama hakuufikia mwaka huo. Bi Kidude naye alifariki Aprili 17, 2013.

Juzi binti yake wa miaka tisa aliomba kufundishwa kuweka sindano. Baba akampa santuri ile ile. Mkono ukamtetemeka, santuri ikapata mkwaruzo. Mtoto akamtazama kwa hofu.

Baba hakumgombeza. Alirudisha sindano mwanzo, wakakaa wakasikiliza mpaka mwisho.