Mwisho wa Juma Shela, Bila ya Kutoboa Mfuko

Mtajie mtu wa Mombasa au Nairobi jina la Shela, na aghalabu atakujibu kwamba huko ni kwa Wazungu na matajiri. Huwezi kumlaumu. Tangu hoteli ya Peponi ilipofunguliwa ufuoni mwaka 1967, kijiji hiki kimekuwa kikipigwa picha na kusifiwa ng'ambo kuliko hapa kwetu. Nyumba nyingi za mawe zilizokuwa magofu zimenunuliwa na wageni, zikakarabatiwa, zikatiwa vidimbwi vya kuogelea, na kodi ya usiku mmoja katika baadhi yake ingelipa karo ya mtoto wako muhula mzima.

Lakini, mpenzi msomaji, mambo matamu zaidi ya Shela hayauzwi. Ufuo hauna lango wala tiketi. Vilima vya mchanga havina mlinzi. Njia ya kufika huko kutoka mjini ni ya miguu, na miguu unayo. Familia yenye kipato cha kawaida inaweza kuonja kijiji hiki kwa siku mbili na kurudi nyumbani bila ya deni, mradi ijue pa kulala, pa kula na saa za maji.

Shela ni kitongoji cha mji wa Lamu, yapata kilomita 3 kusini mwake. Najua utasema Lamu si jiji. Kwa mtu wa Nairobi, sawa. Kwa mtu wa Ndau, Siyu, Faza au Kiunga, hilo ndilo jiji lake: kuna hospitali kuu, soko, maduka na ngome ya mawe iliyomalizika yapata mwaka 1821, ambayo ilikuwa jela hadi 1984. Mwamu mwenyewe huuita Mui, yaani mji, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Basi Shela ndiko mtu wa Mui anakokwenda kupunga upepo jioni, na watoto wake hubingirika mchangani bila ya kumlipa mtu.

Safari ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya fedha zako, kwa hiyo panga hapo kwanza. Ndege hutua Manda, lakini hiyo si safari ya makala haya. Mabasi hutoka Mombasa asubuhi, hupitia Malindi, Garsen na Witu, na kuishia Mokowe, ambapo unapanda boti kuvuka hadi kisiwani. Zamani ukipita Garsen ulikuwa unakula vumbi au kusukuma basi kwenye matope. Siku hizi lami imetandazwa. Hata hivyo usijiendee tu. Mwaka 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, na kwa muda mrefu baadaye mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Mwishoni mwa 2023 nako mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara. Piga simu kwa kampuni ya basi siku moja au mbili kabla, uliza hali, na usafiri mchana. Na kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa, mwisho wa juma wa kawaida hautoshi. Omba ruhusa ya Ijumaa, rudi Jumapili au Jumatatu. Anayetoka Malindi ana nafuu.

Pale Mokowe kuna boti za aina mbili: ya abiria, ambayo husubiri ijae, na ya kukodi peke yako. Watakaokupokea watakusukuma kwenye hiyo ya pili kwa maneno matamu. Kaa ngumu. Subiri ile ya wenyeji, keti na akina mama wenye magunia ya mboga, na lipa wanacholipa wao.

Sasa pa kulala. Ushauri wangu ni huu: laleni mjini Lamu, mshindeni Shela. Gesti za mjini ni nyingi, na upande wa Langoni na vichochoro vya nyuma ya barabara kuu, ile iitwayo Usita wa Mui, utapata vyumba safi vya bei ya wastani, vingine juu ya dari chini ya makuti ambako upepo hufanya kazi ya feni. Ukitaka kulala Shela kwenyewe, usikubali nyumba za mbele zinazotazama bahari. Ingia ndani ya kijiji, uliza wenyeji wanaopangisha vyumba nyumbani kwao, na ikiwa mko familia mbili au tatu, kodini nyumba nzima na mgawane. Wakati wa shughuli chache mpangishaji hupunguza. Mwisho wa Desemba hapunguzi hata kidogo, wala wiki ya Maulidi, wakati wageni kutoka pwani yote hufurika mjini.

Mkiamka Jumamosi, kuleni mahamri na mbaazi za nazi mjini, mjaze chupa za maji, kisha mshike njia ya pwani kuelekea kusini. Ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa watu wazima, saa nzima mkiwa na watoto wanaookota kila kombe. Mtapita hospitali kuu, mtapita mashua zilizolazwa ubavu zikitiwa kalafati, na upande wa kushoto kisiwa cha Manda kitawasindikiza njia yote. Jambo la kuangalia ni maji. Yakiwa yamekupwa, ufuo ni mpana na mnatembea kwenye mchanga mgumu. Yakijaa, hasa wakati wa bamvu, kuna mahali hufika mpaka ukutani, na mtavua viatu au mtapita njia ya ndani. Muulize mvuvi yeyote saa za kujaa na kupwa kabla ya kuondoka. Hatakutoza kitu, na atafurahi kwamba mtu wa bara ameuliza.

Mkichoka, mnaweza kurudi kwa boti ya abiria, ambayo nayo hutoza kila kichwa. Mizigo ikizidi, kuna punda. Pikipiki zimeingia kisiwani siku hizi, lakini vichochoro vya Shela ni vyembamba, na vingine mchanga wake ni laini hadi kifundoni. Humo punda bado ndiye bwana. Akija, mpishe. Hana breki.

Kijiji chenyewe mtakimaliza kwa nusu saa mkienda haraka, na kwa asubuhi nzima mkienda ipasavyo. Tazameni milango ya nakshi, na madaka, yaani vibaraza vya mlangoni ambako mgeni huketi kabla ya kukaribishwa ndani. Tafuteni Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829. Mnara wake umechongoka kama koni, mweupe, na huonekana kutoka baharini kabla ya kitu kingine chochote. Asiye Mwislamu autazame kutoka nje, ama aombe ruhusa kwanza. Na tegeni masikio. Hapa njia ni ndia, moja ni moya, macho ni mato, na huo mchanga mnaoukanyaga ni mtanga. Mtoto wako anayepata alama za juu za Kiswahili shuleni atagundua kwamba lugha hii ni pana kuliko kitabu chake.

Ufukweni hapa pana hadithi ambayo kila mtoto wa Kenya angepaswa kuijua. Yapata mwaka 1812, jeshi la Pate likishirikiana na Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela kwa nia ya kuitia Lamu mkononi. Watu wa Lamu wakatoka kupambana nao, wakawashinda. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, bahari ilikuwa imekupwa na majahazi yamekaa juu ya mchanga. Hapo ndipo mauaji makubwa yalipotokea. Kwa kuogopa kisasi, Lamu ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, naye akatuma liwali wake. Mkono wa Oman katika pwani yetu uliimarika kutokana na ushindi huo, na Pate haikupata tena nguvu yake ya zamani. Wenyeji husimulia kwamba upepo ukivuma sana mifupa ya wale maiti hufunuliwa vilimani. Mkiiona, iacheni ilale.

Vilima hivyo vya mchanga ndivyo ninavyotaka mvitazame kwa makini kuliko vyote. Watoto watavipanda na kuteleza, na ndiyo raha yao. Lakini chini ya miguu yao kuna kisima cha mji mzima. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Shela, maji huzama mchangani bila ya kutiririka, yakashuka hadi yakutane na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake, na huko ndiko visima vinavyonywesha mji wa Lamu vinakochota. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukijenga juu ya vilima na kuchimba mashimo ya choo, uchafu huzama pale pale mvua inapozama. Ukiuzoa mchanga kwa ajili ya ujenzi, unaondoa chujio lenyewe. Ndiyo maana kila mara habari za kugawa au kuuza viwanja vilimani zinapozuka, watu wa Lamu huja juu. Si kwamba wanawaonea wivu wenye nyumba nzuri. Wanahesabu ndoo.

Kwa hiyo taka zenu rudini nazo mjini, hata ganda la embe. Na mnapooga gestini, jueni maji yale yametoka wapi.

Kutoka kijijini ufuo huenda kusini na magharibi, kiasi cha kilomita 12, mchanga mtupu. Hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna choo. Bebeni kofia na kanga za kutosha. Karibu na kijiji, pale mlango wa bahari unapopita kati ya Lamu na Manda, mkondo huwa mkali maji yanapotoka, na mbele zaidi hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi. Asiyejua kuogelea akome magotini, na mtoto asiachiliwe mkono. Msiende mbali sana mkiwa wawili peke yenu. Mwisho wa ufuo ni upweke mtupu.

Chakula cha mchana Shela ndicho kitakachokuponza ukikosa hadhari. Meza zinazotazama bahari zina bei za Ulaya. Ingieni ndani, mtakuta vibanda vya wali na samaki wa nazi, viazi karai, bajia na maji ya ukwaju. Hapo mtakula watu wanne kwa bei ya sahani moja ya kule mbele, na fedha itabaki kwa mama aliyepika. Nyumba nyingi za kifahari hukaa zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwenye nyumba akiwa ng'ambo hanunui samaki wala mkate. Kijiji huishi kwa wanaokuja.

Kuhusu mavazi, nitasema kwa kifupi. Nguo ya kuogea ni ya ufuoni. Ukiingia kijijini jifunge kanga, na wanaume wavae shati. Wapo wageni wanaopita vichochoroni nusu uchi na hakuna anayewafukuza, lakini wewe mwenzetu watakutazama tofauti, maana wewe unatarajiwa kujua. Usimpige picha mama wa buibui bila ya kumwomba. Anza na salamu. Ukimsalimu mzee barazani, na ukamwachia nafasi ya kukujibu yote, utapata habari ambazo hakuna mtembezi wa kulipwa atakayekupa.

Mkibakiwa na fedha kidogo na asubuhi ya Jumapili, changeni na familia nyingine mkodi mashua hadi Takwa, upande wa pili, kisiwani Manda. Ni magofu ya mji uliostawi baina ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Watu wa Shela hutaja asili yao huko, na bado huvuka kwenda kufanya dua ya mvua penye kaburi la nguzo la karne ya 17. Mnapita katikati ya mikoko, na mkondo huo hupitika maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo patana na nahodha saa ya kwenda na saa ya kurudi, na bei, kabla ya kukanyaga mashua. Beba kitambulisho chako: mahali hapo pako chini ya Makavazi ya Kitaifa, na mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Miezi mizuri ni Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, na pia Agosti hadi Oktoba kusi inapotulia. Aprili hadi Juni mvua na upepo huwa vingi, na baadhi ya nyumba za wageni hufunga, ingawa zilizobaki wazi bei zake hushuka kweli.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unapofika, kwenye ofisi za mabasi pale mjini. Mabasi huondoka Mokowe mapema sana, na boti ya kuwavusha huondoka gatini kabla ya hapo, kukiwa bado kiza. Halua nunueni jioni iliyotangulia. Alfajiri maduka yote yamefungwa.