Amana Mgongoni: Kutoka Dar es Salaam hadi Wete

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, anaishi Wete, kaskazini mwa Pemba. Binti yake, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu, alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa chuo bila ya kompyuta yake mwenyewe. Utafiti wake aliuandika kwa kuazima, usiku mmoja kwa huyu na usiku wa pili kwa yule, na tarehe ya kuuwasilisha ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ukoo ukachanga. Walichanga wa Tanga, wakachanga wa Unguja, na ndugu mmoja aliyeko Muscat akaleta fungu lake. Ikanunuliwa Kariakoo kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, nyembamba, yenye uzito wa kilo moja na kitu. Mimi nikapewa kazi ya kuifikisha.

Wanaonijua walicheka, kwani hawajasahau yaliyonifika katika safari ya Tanga. Safari ile niliitia kompyuta yangu katika begi la mgongoni, nikashindilia kanzu mbili, viatu, kitabu kikubwa, chaja na kopo la achari ya maembe. Begi halikuanguka wala halikugongwa. Nililipakata tangu stendi hadi stendi. Nilipofika na kuifungua, kioo kilikuwa kimepasuka ndani kwa ndani, mistari imetawanyika kutoka nukta moja mfano wa utando wa buibui. Kwa siku kadhaa nilimdhania vibaya abiria niliyekaa naye, Mwenyezi Mungu anisamehe. Fundi ndiye aliyemtoa hatiani. Aliweka kidole penye ile nukta, akaniuliza chaja nilikuwa nimeiweka wapi.

"Mzee, hii haikuanguka," alisema. "Hii imebanwa."

Wengi wetu tunaogopa kuiangusha kompyuta, na ni haki kuogopa, lakini hizi nyembamba zina adui mwingine asiye na kishindo. Mfuniko wake ni bati jepesi, na nyuma ya bati hilo kuna kioo, basi. Begi likijaa huvimba katikati. Halina tena pande bapa, huwa kama tumbo la mtungi. Kitu kidogo kigumu, kichwa cha chaja au kisigino cha kiatu, hupata pa kuegemea, na zipu ikivutwa kwa nguvu mbano wote huishia pale. Kioo husukumwa hadi kikagusa vitufe vya herufi. Kuna watu ambao kila siku hufuta vialama vya mraba juu ya kioo wakidhani ni mafuta ya vidole, kumbe ni vitufe vilivyojipiga muhuri.

Kwa hiyo safari hii nilianza na ubao. Seremala wa mtaani kwetu alinikatia kipande cha plaiwudi nyembamba, kikubwa kidogo kuliko kompyuta kila upande, akapiga msasa kingo zake. Kompyuta niliiweka upande wa mgongo wangu, mfuniko ukielekea mgongoni na kitako chake, ambacho ndicho kigumu zaidi, kikielekea kwenye mizigo. Ubao ukakaa baina yake na mizigo hiyo. Penye mfuniko nikatandaza kikoi kilichokunjwa bapa, bila ya fundo. Chini kabisa nikaweka taulo, kwa sababu mfuko wa kompyuta katika mabegi mengi hufika hadi sakafuni mwa begi, na kila unapolitua begi unaitua kompyuta yenyewe kwa ukingo wake. Niliizima kabisa. Sikuiacha imelala, maana iliyolala huweza kuamka humo ndani na kujipika kwa joto lake. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki imekwisha kupigwa marufuku, nikaizungushia kipande cha mpira wa meza, kwa ajili ya maji ya bahari.

Ikabaki shehena, na hapo ndipo penye mtihani. Mama watoto wangu ni mkarimu kwa mawifi zake kupita kiasi. "Hiki nacho hakina uzito," alisema kwa kila alichokileta, na kweli kimoja kimoja havikuwa na uzito. Nilijiwekea mpaka mmoja: zipu ifunge kwa vidole viwili bila ya kuvutwa. Kilichozidi kiende kikapuni au kibaki nyumbani. Tende, vitambaa, achari (naam, achari tena) na chaja vikaenda kikapuni. Kitabu changu kilibaki, na wallahi roho iliniuma.

Katika bandari ya Dar es Salaam wapagazi walinyoosha mikono, nikawapa kikapu. Begi nililivua mwenyewe na kulilaza kwenye mashine ya ukaguzi. Sanduku la aliyenifuata likaja nyuma likaligonga, nami nikajifanya sikuona. Botini mizigo mikubwa hurundikwa pamoja. Begi nililisimamisha baina ya miguu yangu, lisilale wala lisiegemewe. Chini ya kiti sikuliweka, kwa sababu anayekaa nyuma yako hana habari na unachokificha, naye ana visigino.

Unguja nililala usiku mmoja kwa jamaa. Asubuhi nikashika boti ya Mkoani.

Upepo wa kusi ulikuwa umeshachachamaa. Tulipoupita mkondo wa Nungwi mazungumzo yalikatika, na si kwa mawimbi peke yake. Hakuna Mpemba asiyejua kuwa katika maji yale, Septemba 2011, ilizama meli ya MV Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba, na roho nyingi zikapotea. Mzee mmoja mbele yangu aliinua mikono akaomba dua kimya kimya. Nilijitazama nilivyolikumbatia begi langu kwa hofu ya kioo, nikaona haya.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyezidiwa na bahari, mfuko wa kutapikia mkononi. Mwanawe wa miaka minne hivi, akikosa pa kulaza kichwa, aliniegemea, akateleza taratibu, na hatimaye akalala usingizi mzito juu ya begi. Kichwa cha mtoto aliyelala ni kizito kuliko unavyodhani. Ningeweza kumwinua. Nilifikiri michango ya watu wa Tanga na Muscat, nikafikiri zile wiki tatu, kisha nikamtazama mama yake. Nikauachia ubao kazi yake. Alilala vile mpaka honi ya Mkoani.

Kutoka Mkoani gari hupanda na kushuka vilima bila ya kupumzika, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa karafuu, kando ya barabara majamvi yalikuwa yametandazwa, mengine kijani, mengine yameshageuka wekundu wa udongo, harufu ikiingia garini kabla hujaona kitu. Kikapu kilipanda kwenye keria. Begi nililipakata, Chake Chake ikapita, na alasiri nikawa Wete.

"Shikamoo, Ami," alinipokea binti yetu, macho kwenye begi.

"Marahaba, mwanangu. Nipishe kwanza niketi."

Nilipoutoa ubao aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Ami, umekuja na mlango?" Mama yake akamkaripia, naye pia akicheka. Nikafungua mpira wa meza, nikamkabidhi. Aliifuta kwa kiganja, akaitazama pembe kwa pembe, akabonyeza. Tulikaa kimya watu wote, hata bibi aliyekuwa akisokota ukili. Kioo kikawaka chote, kizima, bila ya mstari.

Ilikuwa ni zamu ya kikapu. Kopo la achari lilikuwa limevuja juu ya keria, na chaja ilikuwa chini yake. Niliipangusa kwa siki na pamba, nikaianika siku nzima juani kabla ya kuithubutisha kwenye umeme. Naambiwa inanukia pilipili hadi leo, lakini inachaji.